Kwa nini Superman anahitaji gazeti? Maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu jambo moja: magazeti ya kubuni katika tamthilia za mashujaa, mbele likiwa Daily Planet, gazeti anakofanya kazi Clark Kent, ambaye kwa siri ndiye Superman. Nimefurahi, maana naamini chumba cha habari ndicho sehemu inayodharauliwa kuliko zote katika hadithi hizi. Tahadhari tu: baadhi ya majibu yanafichua visa vinavyoishia wapi.

Clark Kent anaweza kunyanyua lori. Kwa nini akafanywa mwandishi wa habari, si askari polisi au mzimamoto?

Kwanza, kazi yenyewe inamfaa. Taarifa ya daraja lililobomoka inafika chumba cha habari mapema, na mwandishi anayeinuka mezani ghafla hakuna anayemshangaa. Kutoka ndiyo kazi yake. Askari akipotea zamu kila mara ataulizwa, na mzimamoto hawezi kuwaacha wenzake katikati ya moto.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Ngumi inamweza jambazi mwenye bastola. Haimwezi tajiri mwenye mawakili, viwanda na picha alizopiga na meya. Lex Luthor, adui mkuu wa Superman, katika masimulizi mengi kwenye karatasi ni raia mwema. Superman akivunja mlango wake, mhalifu anakuwa Superman. Kinachoweza kumfikia Luthor ni ushahidi uliokusanywa, ukahakikiwa, ukachapishwa. Kwa hiyo Lois Lane, mwandishi mwenzake Clark asiye na nguvu yoyote ya ajabu, ni mtu ambaye Luthor ana kila sababu ya kumwogopa. Ukiliondoa gazeti, hadithi inabaki na mapigano peke yake.

Jina Daily Planet lilianza lini?

Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, Clark alikuwa mwandishi wa Daily Star. Mchoraji wa Superman, Joe Shuster, alizaliwa Toronto na utotoni aliuza magazeti ya Toronto Daily Star mitaani. Daily Planet lilichukua nafasi hiyo katika vitabu vya katuni mwaka 1940. Mwaka huohuo ulianza mchezo wa redio wa Superman, na humo ndimo mhariri Perry White na kijana Jimmy Olsen walipopata majina na sauti. Tamthilia ya televisheni ilipoanza mwaka 1952, George Reeves akiwa Clark, ilikuta timu ya gazeti imeshakamilika.

Jengo la Daily Planet ni la kweli?

Majengo ni ya kweli, gazeti ndilo la kubuni. Tamthilia ya miaka ya 1950 ilionyesha jumba la Halmashauri ya Jiji la Los Angeles kwa sehemu kubwa ya misimu yake. Smallville, tamthilia ya ujana wa Clark, ilitumia Marine Building la Vancouver, na tufe la juu ya paa likaongezwa kwa kompyuta.

Je, si kosa la kimaadili Clark kuandika habari za Superman, yaani habari zake mwenyewe?

Ni kosa, na mimi simtetei. Mwandishi anayejihoji mwenyewe kwa siri, kisha akamwambia mhariri kwamba amezungumza na chanzo chake, anamdanganya mhariri, wenzake na msomaji kwa mpigo. Angekuwa na nia njema kiasi gani, msomaji amenyimwa haki ya kujua nani anasema naye. Kara Danvers, ambaye kwa siri ndiye Supergirl katika tamthilia ya Supergirl (2015–2021), yumo katika mtego huohuo. Anaanza kama msaidizi wa Cat Grant, mmiliki wa kampuni ya habari ya CatCo, na baadaye anakuwa mwandishi wa kampuni hiyohiyo iliyompa Supergirl jina lake.

Tamthilia nyingi hulipita jambo hili haraka, na hapo zinajinyima utamu. Smallville, iliyoendelea kuanzia 2001 hadi 2011, ililigusa vizuri kuliko nyingine. Katika msimu wa 8, Clark na Lois wanafanya kazi pamoja Daily Planet, meza zao zikitazamana. Mjini kuna mwokozi asiyejulikana, na picha iliyopatikana inaonyesha mstari tu wa rangi nyekundu na buluu. Lois anaihangaikia habari hiyo usiku na mchana. Jibu la kila swali lake limekaa mbele yake, linamsikiliza anapopiga simu, na halisemi kitu. Clark hajaandika hata neno moja la uongo, lakini ananyamaza mbele ya mwenzake anayeutafuta ukweli kwa jasho lake. Kwangu mimi maonyesho ya meza zile mbili yana uzito kuliko mapigano mengi ya msimu ule.

Lois ni mwandishi mpelelezi. Vipi anashindwa kuona kwamba tofauti ya Clark na Superman ni miwani tu?

Inategemea unatazama tamthilia ipi. Katika Lois & Clark (1993–1997), Clark anapomposa, Lois anamuuliza ni nani anayemposa, Clark au Superman; alikuwa ameshang'amua mwenyewe. Katika Superman & Lois (2021–2024), wameoana, wana watoto wawili vijana, na siri wanaitunza pamoja. Mimi napendelea huu wa mwisho. Lois akijua, waandishi wa tamthilia wanalazimika kumpa kazi nyingine zaidi ya kukisia.

Mnasifu Daily Planet tu. Na lile gazeti la shule katika Smallville?

Swali zuri. The Torch lilikuwa gazeti la wanafunzi lililoendeshwa na Chloe Sullivan kutoka chumba kidogo shuleni, ukuta mmoja ukiwa umejaa vipande vya magazeti na picha za matukio ya ajabu yaliyoanza baada ya mvua ya vimondo. Kwa misimu ya mwanzo, ukuta ule ndio uliokuwa kumbukumbu ya mji mzima. Watu wazima wanasahau au wanafichwa; msichana wa sekondari anakata, anabandika, anaunganisha.

Kisha linakuja jambo ambalo sijaona likielezwa vizuri hivyo kwingine. Mwishoni mwa msimu wa 2, Chloe akiwa ameumia moyoni kwa sababu ya Clark, anakubali ombi la Lionel Luthor, baba yake Lex, la kumchunguza Clark. Malipo yake ni nafasi ya kuandika Daily Planet, ndoto yake ya tangu zamani. Baadaye dhamiri inamsuta, anakataa kuendelea, na Lionel anahakikisha anaipoteza nafasi ile. Hakuna kimondo wala mtu mwenye macho ya moto katika kisa hicho. Kuna mwandishi kijana, tajiri mwenye ushawishi, na bei. Waandishi wengi wamewahi kusimama mahali kama pale, na ndiyo maana kisa kinachoma.

Katika The Flash kuna gazeti linalotoka siku za mbele. Lina kazi gani?

Mwishoni mwa kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 2014, Harrison Wells, mwanasayansi anayemwongoza Barry Allen, yaani Flash mwenyewe, anainuka kutoka kiti cha magurudumu, anaingia chumba cha siri na kutazama ukurasa wa kwanza wa tarehe 25 Aprili 2024: Flash ametoweka katika janga kubwa. Baadaye Barry anauona ukurasa huo na kugundua kwamba aliyeandika habari ile ni Iris West-Allen. Kwa jina hilo tu anajua kuwa atamwoa Iris, msichana anayempenda. Habari ya msiba na habari ya ndoa katika ukurasa mmoja! Tamthilia ililitumia gazeti lile kama saa ya kutisha kwa misimu mingi, na kuna wakati hata tarehe yake ikabadilika.

Siku hizi magazeti yanapunguza wafanyakazi. Tamthilia hizi zinajua hilo?

Superman & Lois inajua. Tajiri Morgan Edge anainunua Daily Planet, na mapema kabisa Clark Kent anapunguzwa kazini. Lois anabaki kidogo, mpaka makala yake kumhusu Edge inapobadilishwa isomeke kama sifa. Anaacha kazi na kuhamia Smallville Gazette, gazeti dogo la mji mdogo ambalo Chrissy Beppo analiendesha kwa shida. Nawapongeza waliobuni hili. Superman hana nguvu yoyote dhidi ya barua ya kuachishwa kazi, na tajiri hahitaji kulichoma gazeti moto akiweza kulinunua. Katika Smallville, Lex naye aliinunua Daily Planet, msimu wa 7.

Nitazame ipi kama nataka kuona uandishi wa habari hasa, si mapambo?

Msimu wa kwanza wa Daredevil, wa mwaka 2015. Mfuate Ben Urich wa New York Bulletin, aliyeigizwa na Vondie Curtis-Hall. Ni mzee wa kazi, mkewe ni mgonjwa, na mhariri wake anataka habari nyepesi zitakazouza. Anapanga mtandao wa wahalifu ubaoni kwa karata, karata moja kwa kila mtu, kwa sababu majina bado hana. Anatafuta vyanzo, anahakiki, anamwonya Karen Page, anayechunguza naye, asiharakishe. Anafukuzwa kazi akiwa karibu na ukweli, anaamua kuuchapisha mwenyewe kwenye intaneti, na kabla hajaandika, Wilson Fisk, mkuu wa mtandao huo, anamkuta nyumbani kwake na kumuua kwa mikono yake.

Endelea na msimu wa 2. Karen anaingia Bulletin na kupewa ofisi ya Ben, na mhariri yuleyule, Ellison, anaanza kumfundisha kazi. Msimu wa 3 uutazame hadi kipindi cha shambulio ndani ya Bulletin, ambamo shahidi aliyekuwa tayari kusema dhidi ya Fisk anauawa papo hapo, katikati ya meza za waandishi.