Korg M1 imepoteza sauti na vitufe vinalia ovyo: je, bodi imekufa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kwaya yetu hapa Dodoma ina kinanda cha umeme, Korg M1 ya zamani tuliyoachiwa na mwalimu wetu alipostaafu. Kwa muda mrefu tukiiwasha ilikuwa inaonya kwamba betri ya ndani imeisha, tukapuuza. Sasa majina ya sauti yamegeuka herufi za ajabu, nyingi hazilii na nyingine zinanguruma tu. Halafu vitufe kadhaa vya katikati vina shida: viwili ni bubu, vingine hata uviguse taratibu vinapiga kelele. Fundi wa huku anasema bodi imekufa. Tutupe?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Msitupe. Bodi iliyokufa isingewaka wala kuandika chochote kwenye kioo. Hapo mna matatizo mawili yasiyohusiana, na yote yanatibika kwa gharama ndogo.

Tuanze na sauti. M1, iliyotoka mwaka 1988, inaweka vitu viwili mahali pawili. Sampuli zenyewe, yaani sauti zilizorekodiwa za piano, filimbi na ngoma zimo kwenye ROM, kumbukumbu ya kudumu, ya megabaiti 4, na hizo hazifutiki hata kinanda kikae stoo miaka. Kilichopotea ni maelekezo: sampuli ipi itumike, kwa filta (kichujio cha sauti) gani, kwa sauti kubwa kiasi gani. Maelekezo hayo, pamoja na nyimbo za sikwensa (kirekodi cha nyimbo cha ndani), yanakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, inayoshikiliwa na betri moja ya CR2032. Betri ikiisha, RAM inajaa takataka, na kinanda kinazisoma hizo takataka kama kawaida. Ndiyo maana kinanguruma.

Chomoeni waya wa umeme, fungueni kinanda, mtaiona betri kwenye bodi kuu imelehemiwa kwa vibati. Ipimeni kwa mita: nzima inasoma kama volti 3. Msilehemu betri mpya moja kwa moja, joto linaiharibu. Lehemuni soketi yake, mkizingatia chanya na hasi, kisha mchomeke betri. Siku nyingine itabadilishwa bila kulehemu. Onyo likiisha, bado sauti hazitarudi zenyewe. Tafuteni faili la SysEx (data maalumu za kinanda husika) la sauti za kiwandani la M1, lipitisheni kwa MIDI, njia ya kuunganisha vinanda na kompyuta. Kabla ya kutuma, ingieni Global, sehemu ya mipangilio ya jumla, zimeni kinga ya kumbukumbu na ruhusuni data za SysEx zipokelewe. Wengi wanakwama hapa, wanadhani faili ni bovu kumbe kinanda kimefunga mlango. Na kama data inakatika njiani, shukuni waya wa USB-MIDI wa bei chee. Mara nyingi haumudu ujumbe mrefu. Punguzeni kasi ya kutuma au mwazime kifaa bora.

Sasa vitufe. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye vidoa viwili vya kaboni vinavyogusa bodi, kimoja kikitangulia kingine. Kinanda kinapima muda kati ya miguso hiyo miwili: muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu. Kidoa cha kwanza kikiwa na vumbi kinachelewa kugusa, muda unafupika, na kinanda kinaamini umekikandamiza kwa hasira hata kama umekigusa kama unagusa yai. Kidoa kisipogusa kabisa, kitufe kinakuwa bubu. Kwa hiyo kelele na ububu wenu vina chanzo kimoja, uchafu.

Toeni raba polepole, msiinyofoe. Futeni vidoa na njia za bodi kwa pamba yenye isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acheni ikauke. Msitumie msasa wala WD-40, kaboni ikishatoka hairudi. Angalieni jambo moja kabla: vitufe vibovu vikiwa vinapishana kwa mpangilio, tuseme kila cha nane, hiyo si raba, ni dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), njia iliyokatika au konekta ya utepe iliyolegea.

Mkiwa bado mmefungua, nyunyizeni dawa ya kusafishia kontakti kwenye slaida ya sauti, na mtazame risasi (malehemu) za jeki, matundu ya kuchomekea waya, za nyuma kama zimepasuka.

Na hili nalisisitiza kwa sababu limeua vinanda vingi vizima: someni kibandiko cha nyuma. Kama chenu kililetwa kutoka Japani kitakuwa cha volti 100, na bila shaka mna transfoma ya kushushia umeme mahali fulani. Siku mkikipeleka kwa fundi, pelekeni na transfoma hiyo, maana akikijaribu kwenye soketi ya volti 230 ndipo bodi itakufa kweli. Sauti zikisharudi, tumeni nakala ya data yote kwenye kompyuta siku hiyohiyo, na nakala nyingine akae nayo mwanakwaya.