Mlango Unapitika, Kitanda Je? Maswali Yenu Kuhusu Kukaa Hotelini Muda Mrefu kwa Kiti cha Magurudumu

Barua nyingi za mara hii zinahusu hoteli za kukaa muda mrefu, zile zenye jiko ndani ya chumba, ambazo watu hupanga kwa majuma au miezi wakiwa kwenye matibabu, kazi au masomo. Walioandika ni watumiaji wa viti vya magurudumu na wanaowatunza. Tumeanza na maswali ambayo kosa lake humgharimu mtu mabega au ngozi yake, maana kero inayovumilika kwa siku mbili huweza kuwa kidonda ikifika siku ya kumi.

SWALI: Nimepata kazi ya miezi miwili mbali na nyumbani. Hoteli inatangaza chumba "kinachofaa watu wenye ulemavu". Natumia kiti cha kusukuma kwa mikono. Nilipe tu?

Usilipe bado, ndugu. Tangazo la namna hiyo laweza kumaanisha chochote, kuanzia bafu lililojengwa vizuri hadi chuma kimoja cha kushikilia kilichopigwa ukutani. Piga simu hotelini kwenyewe, siyo kwenye kituo cha kuweka nafasi, na upige mchana, wakati fundi au msimamizi wa usafi yupo kazini. Mwombe aingie kwenye chumba hicho hicho akiwa na futikamba, akutajie sentimita.

Kwanza milango, hasa wa bafuni, kwa sababu ndio huwa mwembamba kuliko yote. Mwambie aufungue mlango hadi nyuzi 90, kisha apime kuanzia uso wa mlango uliofunguka hadi fremu ya upande wa pili. Akipima ubao wa mlango wenyewe atakudanganya bila kukusudia, kwa kuwa unene wa mlango na bawaba hula sentimita kadhaa. Kiwango cha Marekani ni upana wazi wa sm 81.5. Viti vingi vya kusukuma vina upana wa sm 60 hadi 70 ukihesabu na pete za kusukumia, na vidole vyako navyo vinahitaji nafasi. Pima kiti chako kabla ya kupiga simu.

Pili, nafasi ya kugeuka bafuni. Duara la sm 152 hutosha viti vingi. Uliza kama mlango unafungukia ndani, maana unaweza kuingia vizuri ukashindwa kuufunga.

Tatu, choo, na hapa ndipo wengi husahau swali muhimu. Kimo cha sm 43 hadi 48 kinawafaa wengi, lakini uliza pia: mtu akiwa ameketi chooni, nafasi wazi iko kulia kwake au kushoto? Kama mkono wako wenye nguvu ni wa kulia na ukuta uko upande huo, utajihamisha kwa mkono dhaifu mara nne au tano kila siku kwa siku sitini. Bega haliwezi kuhimili hilo.

Omba picha zilizopigwa kwa simu siku hiyo hiyo, siyo zile za matangazo: moja ya choo kutoka mlangoni, moja ya bafu, moja ya kitanda kwa ubavu ikionyesha sakafu chini yake.

Kama safari yako ni ya Marekani, kuna kanuni inayokulinda, ya ADA, sheria ya huko ya watu wenye ulemavu. Tangu Machi 15, 2012, hoteli inapaswa kuwawekea watu wenye ulemavu vyumba vyao, visipewe wengine hadi vyumba vingine vya aina hiyo viishe, na kile ulichokiweka nafasi kihakikishwe kuwa ndicho utakachopewa. Taja kanuni hiyo, kisha omba uthibitisho kwa maandishi wenye aina ya bafu. Ujue pia kwamba kwa viwango vya huko hoteli yenye vyumba 50 au pungufu hailazimiki kuwa na bafu la kuingia na kiti moja kwa moja. Hoteli nyingi za muda mrefu ni kubwa kidogo kuliko hapo, ila zile ndogo zinaweza kukupa beseni la kuogea na zikawa hazijavunja sheria.

SWALI: Mwanangu ana miaka 19, tunamnyanyua kwa mashine ya kunyanyulia mgonjwa. Tulipofika hotelini safari iliyopita miguu ya mashine haikuingia chini ya kitanda. Na kitanda kilikuwa juu mno. Tufanyeje safari ijayo?

Pole sana, mama. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika barua tunazopokea, na sababu yake ni kwamba kitanda hakina kipimo cha kisheria hata pale ambapo milango na vyoo vinavyo. Viwango vya Marekani, kwa mfano, havisemi lolote kuhusu kimo cha kitanda.

Kuna mambo mawili hapa na dawa ya moja huweza kuliharibu la pili.

La kwanza ni uwazi wa chini. Pima miguu ya mashine yenu kutoka sakafuni hadi sehemu iliyoinuka zaidi, ambayo kwa kawaida iko juu ya magurudumu madogo ya mbele. Nyingi hufika sm 11 au 12, kwa hiyo tafuta uwazi wa sm 15. Muulize mtu wa hoteli: kitanda kimesimama kwa miguu, au kimekaa juu ya boksi la mbao lililozibwa hadi sakafuni? Hoteli hupenda boksi hilo kwa sababu hakuna kinachopotea chini yake na usafi unakuwa rahisi. Kwenu ninyi ni ukuta. Hata kitanda cha miguu huwa na mguu wa tano katikati unaobeba uzito, na miguu ya mashine ikiugonga kabla mtoto hajafika juu ya godoro, atashuka ukingoni. Mwombe ainame amulike kwa tochi.

La pili ni kimo. Godoro nene la sm 30, boksi la springi chini yake la sm 20, na fremu ya sm 15 vinakupeleka sm 65, ilhali mto wa kiti cha magurudumu huwa karibu sm 50. Kwa anayejihamisha mwenyewe, hizo sm 15 ni kupanda mlima kila usiku. Omba boksi la springi liondolewe. Kama fremu ina mbao za kukatiza, godoro likae juu yake moja kwa moja. Kama haina, fundi atandike plywood ya mm 18 na kuiegemeza vizuri ili isibonyee katikati. Kazi hii ni ya nusu saa kwa mafundi wawili, na iagizwe siku chache kabla, maana saa nne ya usiku fundi huwa ameshaondoka.

Mwanao asiyejihamisha hana shida sana na kimo, mradi mkono wa mashine unamfikisha juu ya godoro. Msikubali vitalu vya kuinulia vitanda vikiwekwa chini ya boksi lililozibwa, kwa kuwa boksi halikutengenezwa kubebwa kwa pembe nne tu na huweza kupasuka.

Mkikaa zaidi ya majuma mawili, ushauri wetu ni huu: ombeni kitanda cha hoteli kitolewe, mkodishe kitanda cha hospitali kutoka kwa wakodishaji wa vifaa vya wagonjwa. Mtapata uwazi wa chini, kimo kinachopanda na kushuka, na godoro la kupunguza mgandamizo kwa pamoja. Mpatie meneja vipimo vya kitanda na siku ya kuletwa, apange nafasi ya kukipitisha kwenye lifti.

Usiku wa kwanza na wa pili kwenye godoro lolote jipya, mkagueni makalio, kisigino na mgongo wa chini. Wekundu usiopotea ndani ya nusu saa baada ya kuondoa uzito ni onyo, na kwenye ngozi nyeusi guseni pia, mkitafuta joto au ugumu ambao jicho halioni. Sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka irudi kawaida, na isiporudi mwoneni muuguzi au daktari.

SWALI: Nimepewa chumba chenye beseni la kuogea na benchi la kuvukia, lile la miguu miwili ndani, miwili nje. Benchi halikai.

Angalia kama beseni lina milango ya kioo ya kuteleza. Reli yake hukaa juu ya ukingo pale pale benchi linapopaswa kupita. Omba kioo kitolewe na lipachikwe pazia la kitambaa. Kama tatizo ni kuyumba, rekebisha miguu ya nje iwe mirefu kuliko ya ndani kwa kiasi cha tofauti ya sakafu na sakafu ya beseni, na hakikisha vikombe vya mpira vya miguu ya ndani vimeganda mahali pasipo na michoro ya kuzuia utelezi, kwa sababu havinati pale.

Maji yatamwagika nje, hilo halikwepeki. Hoteli hizi mara nyingi hubadilisha taulo mara moja kwa juma, basi omba taulo sita za ziada siku ya kwanza na usione haya.

Kama huna hisia miguuni, jaribu maji kwa kiwiko au kwa kipimajoto kabla hayajakugusa. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza ndani ya sekunde chache. Mwombe fundi ashushe joto la maji ya chumba chako lisizidi 49, na usiketi ukiwa umeelekeza bomba la mvua kwenye mapaja wakati mgeni wa jirani naye anaoga, maana shinikizo la maji baridi likishuka joto hupanda ghafla.

SWALI: Jiko la chumbani nitaliweza? Napenda kujipikia.

Utaliweza ukilipanga upya siku ya kwanza. Vyombo hukaa makabati ya juu. Mwombe mhudumu avishushe vyote kwenye droo na kaunta kabla hajaondoka. Maikrowevu ikiwa imefungwa juu ya jiko, usiitumie kabisa. Bakuli la mchuzi linalotoka juu ya kichwa chako litaishia mapajani. Omba nyingine iwekwe kwenye kaunta.

Uliza swichi za jiko ziko wapi. Zikiwa nyuma ya plati, utapitisha mkono na mkono wa nguo juu ya moto kila unapopunguza. Hapo omba plati ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Sufuria ya moto usiibebe mapajani hata juu ya trei. Iburute juu ya kaunta hadi kwenye sinki. Kama kaunta imezidi sm 86 na huwezi kukata vitunguu, vuta droo ya juu nusu, laza ubao wa kukatia juu yake, nawe una meza ya kimo chako. Na chini ya sinki, gusa bomba la maji ya moto: likiwa tupu bila kufunikwa, lizungushie sponji au taulo, kwa sababu magoti yako yatakaa hapo.

SWALI: Kiti changu cha umeme niliamka nacho kimekufa ingawa nilikichomeka usiku kucha. Chaja ni nzima. Imetokea mara mbili.

Huenda soketi ile inaongozwa na swichi ya taa. Ulipozima taa ukalala, ulizima na chaja. Chomeka simu, zima taa zote za chumba, uone kama bado inachaji. Katika hoteli nyingine umeme wa soketi hukatika ukichomoa kadi ya mlango kwenye kishikio chake, kwa hiyo kiti unachokiacha kikichaji ukitoka na kile cha kusukuma hakitapata kitu. Omba kadi ya pili ibaki pale.

Soma kibandiko cha chaja: ikiandikwa 100–240V, unahitaji plagi ya kubadilisha umbo tu. Ikiandikwa 120V pekee, usiichomeke kwenye 230V. Betri za jeli huhitaji saa 8 hadi 12, basi chomeka mapema. Chaja ikae sakafuni palipo wazi, siyo kwenye zulia nene wala chini ya kitanda, na waya wa kuongezea ukunjuliwe wote, kwa sababu ukizungushwa hujipasha moto.

SWALI: Nimepewa ghorofa ya saba. Wanasema mandhari ni nzuri.

Omba ya chini. King'ora cha moto kikilia lifti hazitumiki, na ukikaa majuma mengi lifti nayo huweza kuharibika. Ikishindikana, uliza kama wana kiti cha kushushia watu kwenye ngazi, na nani wa zamu ya usiku anajua kukitumia. Wa mchana akikujua, wa usiku huenda hajui upo. Andika namba ya chumba chako na neno "siwezi ngazi" kwenye karatasi, uiache mapokezi ibandikwe kwenye meza yao.

SWALI: Tairi limetoboka, duka la baiskeli lipo karibu. Tairi au tyubu ya inchi 24 itanifaa?

Angalia ubavu wa tairi. Tairi nyingi za nyuma za viti huandikwa 540 mwishoni, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita, mfano 25-540 au 37-540. Baiskeli nyingi za milimani za inchi 24 ni 507. Zote zinaitwa 24, lakini tairi la 507 halitaingia kwenye rimu yako. Beba tairi lenyewe dukani. Na kwa kuwa gurudumu limeshatoka, kata nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli za magurudumu madogo ya mbele. Hizo ndizo huvuta kiti upande mmoja.