Katuni ya dinosaria kwa watoto wetu: anzia Tendaguru, na uwe na kamba mkononi

Ndugu yetu aliyefungua uzi huu ameeleza kwamba anataka kutengeneza mfululizo wa katuni za Kiswahili zitakazowafundisha watoto wa miaka 6 hadi 10 habari za dinosaria, shujaa wake akiwa Tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika, naye anauliza aanze na nini kabla ya kutumia fedha zake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, na kwa miaka miwili nimekuwa nikisimamia kikundi cha watoto wanaochora na kuigiza baada ya masomo, ambacho kilitengeneza katuni ya dakika tatu juu ya jambo hilihili. Najibu kwa kirefu kwa sababu kosa analokusudia kuanza nalo nilikwisha kulifanya mimi.

Katika muswada wangu wa kwanza nilimweka Tyrannosaurus akimfukuza Giraffatitan, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, kwenye ufukwe wa Kibirizi, pale wanapoanika dagaa. Watoto walifurahi sana, isipokuwa binti mmoja wa darasa la tano aliyenyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, hawa wawili waliishi wakati mmoja?" Nilimwambia nitamjibu kesho yake, nikaenda kusoma. Giraffatitan aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, nayo mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi. Tyrannosaurus aliishi Amerika ya Kaskazini, kati ya miaka milioni 68 na milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo muda uliowatenganisha wanyama hao wawili ni mrefu kuliko muda unaomtenganisha Tyrannosaurus na sisi tunaoandika hapa. Ziwa lenyewe hukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu, na hakuna dinosaria wa aina hiyo aliyewahi kunywa maji yake. Muswada wote nikauweka kando, na sikusikitika, kwa kuwa jibu lile liliwashangaza watoto kuliko mbio nilizokuwa nimezitunga.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: mwache huyo wa Marekani apumzike, uanze na wanyama ambao mtoto wa Kitanzania anaweza kuwatamka. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza dinosaria mpya aliyetoka kusini magharibi mwa nchi yetu, wakamwita Mnyamawamtuka moyowamkia. Niliandika jina hilo ubaoni bila maelezo yoyote. Mtoto wa darasa la nne, ambaye kwa kawaida husoma kwa kusitasita, alilisoma mara moja hadi mwisho, kisha akaanza kulikata vipande kwa kidole: mnyama, wa Mtuka, moyo, wa mkia. Mtuka ni mto ambao mifupa ilionekana kwenye bonde lake, na pingili ya mkia wake ina umbo linalofanana na moyo. Yuko pia Shingopana, aliyepewa jina mwaka 2017, na Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010, ambaye hasa ni ndugu wa karibu wa dinosaria, si dinosaria kamili. Majina haya ni zawadi, na sioni kwa nini katuni ya Kiswahili iyaruke.

Hata hivyo, moyo wa mfululizo wako uwe Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa mingi mno, na kazi ilipopamba moto wafanyakazi walikaribia 500, wengi wao wakiwa wenyeji. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako Giraffatitan alisimamishwa makumbusho mwaka 1937 na yuko hadi leo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nilipowasimulia watoto habari hizi, waliuliza zaidi kuhusu wapagazi kuliko kuhusu mnyama. Walitaka kujua mfupa wa paja ulibebwa na watu wangapi, na kama mvua iliwakuta njiani. Sisi tulio mwisho wa njia ya zamani ya misafara, iliyopitia Tabora kwenda pwani, tuna sababu ya pekee ya kuwachora wapagazi kwa heshima na kwa majina pale yanapojulikana. Shujaa wako anaweza kuwa mtoto wa mpagazi, badala ya mnyama anayesema.

Sasa nije kwenye ukubwa, maana hapa ndipo katuni nyingi hushindwa: skrini ya simu humfanya kila mnyama atoshe kiganjani. Giraffatitan wa Berlin ana kimo cha mita 13.27. Tulichukua kamba ya nyavu tukaipiga fundo kila mita moja hadi mafundo kumi na matatu, tukamwomba kijana mmoja mkwezi apande nayo kwenye mchikichi ulio nyuma ya ofisi ya walimu. Alifunga ncha ya kamba chini kidogo ya makuti, akatupa iliyobaki. Ilishuka, ikafika chini, na mafundo mawili yakabaki yamelala mchangani. Watoto walinyamaza kabisa, kisha mmoja akayashika yale mafundo mawili akayainua juu ya kichwa chake, akitafuta kichwa cha mnyama kingekuwa wapi angani. Tangu siku hiyo, kila mchoro wetu wa Giraffatitan una mchikichi pembeni. Kentrosaurus, dinosaria mwingine wa Tendaguru, mwenye mabamba mgongoni na miiba kuelekea mkiani, alikuwa na urefu wa mita nne hadi tano, kwa hiyo yeye tunamchora karibu na mtumbwi.

Mfupa unavyogeuka jiwe ni somo gumu, nasi tulilifundisha kwa sponji na chumvi ya Uvinza. Kata sponji ya godoro kwa umbo la mfupa, iloweke katika maji yaliyokolea chumvi, kisha uianike kwa siku kadhaa. Maji huondoka, chumvi hubaki ndani ya vitundu, na sponji hukakamaa. Ndivyo madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini yanavyoingia katika vitundu vya mfupa uliofukiwa kwenye tope. Tukio hilo lilichukua sekunde ishirini za katuni yetu, na ndilo wazazi wanaloniulizia zaidi.

Kuhusu utengenezaji sitasema mengi, kwa sababu wako humu wanaojua kuliko mimi. Fahamu tu hesabu yake: ukitumia picha 12 kwa sekunde, dakika moja ni picha 720, na dakika tatu ni picha 2,160. Sisi tulikata wanyama kwa karatasi ya manila, tukaunganisha viungo kwa uzi, tukaifunga simu juu ya kigoda na kupiga picha moja baada ya nyingine. Fungeni madirisha na mtumie taa, la sivyo jua likihama kivuli hucheza katika kila picha. Sauti tulizipeleka kwanza kwa studio moja ya mjini, wakarudisha watu wazima wanaobana pua ili waonekane watoto. Tulizifuta zote, tukarekodi watoto wenyewe darasani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, na lafudhi yao ya hapa tukaiacha ilivyo.

Jambo la mwisho ninalokusihi ulizingatie ni kutenganisha kilichosemwa na mfupa na kilichobuniwa na mchoraji. Meno ya Giraffatitan yanaonyesha kwamba alikula majani, na mifupa inaonyesha kwamba miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma. Rangi ya ngozi yake haikubaki kwenye mfupa, wala sauti yake. Katika katuni yetu, kila tunapobuni, mnyama hugeuka mchoro wa penseli usio na rangi kwa kitambo, na msimuliaji huwaambia watazamaji, "Hapa tunawaza." Watoto walizoea alama hiyo upesi sana, hata wakaanza kuisema wao wenyewe katika mazungumzo yao ya kawaida.

Hivi sasa tunaandika sehemu ya pili, na watoto wamechagua iwe ya wapagazi, wakati wa usiku, wakiwa wamepiga kambi njiani kwenda Lindi. Yule binti wa darasa la tano ndiye anayechora mzigo. Ameuweka katikati ya watu waliolala, umefunikwa vizuri, na ameniomba nisiruhusu mtu yeyote aufungue hadi meli ifike.