Usitafute draiva kwa jina la boksi, tafuta kwa namba

Ukichomeka adapta ya Wi-Fi kwenye Linux na isionekane, tafadhali usianze kusaka draiva (programu inayokiendesha kifaa) kwa jina la modeli. Mimi nilipoteza siku mbili hivyo. Adapta yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri, nikamnunulia mdogo wangu nyingine: boksi lilelile, modeli ileile. Yake ikawa kimya kabisa. Nikashusha kila draiva iliyotajwa kwa modeli ile, wapi!

Jibu lilikuwa kwenye amri moja, `lsusb`, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Yangu ilisomeka 0cf3:9271, yake 0bda:8179. Nje jina moja, ndani chipu mbili tofauti.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, haioni boksi. Inaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha: ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ya bidhaa. Kila draiva huja na orodha ya namba inazozihudumia, na amri ya `depmod` huzikusanya orodha zote katika faili la `modules.alias`, ndani ya `/lib/modules`, kwenye folda ya toleo lako la kerneli. Kifaa kikichomekwa, kerneli hutangaza namba zake, kisha udev, programu inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa, hutafuta draiva kwa orodha hiyo. Namba isipokuwemo, hakuna kinachoendelea, na hutaona hata onyo.

Kwa hiyo lipekue faili hilo mwenyewe kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Ya 9271 ilinipeleka kwa draiva ya ath9k_htc. Ya 8179 haikuwemo. Kerneli ya mdogo wangu ilikuwa ya zamani. Tulipoweka mpya, draiva ya rtl8xxxu ikaichukua adapta bila kushusha kitu kingine. Kwa kadi za PCI, zile za ndani ya kompyuta, tumia `lspci -nnk`, itakuonyesha namba pamoja na draiva inayotumika.

Namba kulingana si mwisho, na hapa wengi hukata tamaa mapema. Draiva ikishapatikana hukijaribu kifaa kwanza, na inaweza kukikataa. Soma `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ath9k_htc, kwa mfano, inahitaji faili la firmware (programu ya ndani ya kifaa chenyewe), kama `htc_9271-1.4.0.fw`. Firmware ikikosekana, draiva ipo lakini Wi-Fi haipo.

Kuna pia njia ya kuilazimisha draiva ikubali namba mpya kupitia faili la `new_id`. Itumie pale tu unapojua kwa hakika kuwa chipu ni ileile.

Siku hizi nikienda dukani nabeba laptopu. Namwomba muuzaji aniruhusu nichomeke, nasoma namba, ndipo natoa hela.