Kupinga ghorofa 10 kando ya nyumba zenu

Ndugu, unauliza kama kujaa kwenye kikao cha kujadili mpango mpya wa matumizi ya ardhi kutazuia jengo la ghorofa 10 mtaani kwenu. Peke yake, hapana. Kinachobeba uzito ni pingamizi la maandishi ndani ya muda uliotangazwa. Bakiza nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Omba rasimu nzima ya mpango huo. Wengi hukodolea macho rangi za ramani, kumbe urefu wa jengo na umbali kutoka mpakani vimo kwenye masharti ya matumizi ya ardhi yaliyoandikwa humo. Taja kifungu, kisha toa mbadala: “ghorofa 4, mita 6 kutoka mpakani.” Barua 50 zenye maneno yaleyale huweza kuhesabiwa hoja moja, hivyo kila mmoja aandike pingamizi lake kwa hoja yake: kivuli, mtaro, maegesho.

Kiwanja chako kikitwaliwa, usisaini fidia kabla mwanasheria na mthamini hawajaipitia.