Kwa mnaoanza Kibulgaria: shikeni vineno vidogo kwanza

Kitabu chochote cha sarufi kitawaambia kwamba Kibulgaria hupanga kiima, kitenzi, kisha yambwa. Ni kweli, ila msiegemee hapo. Nomino Mbulgaria huzihamisha apendavyo. Asivyovichezea ni vile vineno vifupi vinavyoandamana na kitenzi: mi (kwangu), mu (kwake), go (yeye, wa kiume), ya (yeye, wa kike), se (-ji-).

Hapo Mswahili ana mtaji. "Ivan prochete knigata" ni Ivan alisoma kitabu. Ukitanguliza kitabu, unasema "Knigata ya prochete Ivan", na hiyo "ya" inafanya kazi ya "ki" katika "Kitabu kakisoma Ivan". Msiidharau. "Kotkata goni kucheto": paka anamkimbiza mbwa. "Kotkata ya goni kucheto": sasa paka ndiye anayekimbizwa, kwa kuwa "ya" humrejelea yeye, nomino ya kike, na hakuna nomino iliyosogea. Sisi kitenzi chetu hubeba yambwa moja tu. Chao hubeba mbili, mpewaji akitangulia: "Dadoh mu ya", yaani nilimpa hicho kitabu.

Zamani mzigo huu haukuwa wa vineno hivi. Katika Kibulgaria cha kale, karne ya 9 hadi ya 11, mwisho wa nomino ulionyesha nani katenda na nani katendwa. Miishio hiyo ikapukutika, hasa kati ya karne ya 12 na ya 14, na lugha ikategemea zaidi vihusishi, mpangilio na vineno hivi. Navyo vilihama: vingi vilizoea kukaa nafasi ya pili katika sentensi, kama Kiserbia kinavyofanya hadi leo, kisha polepole vikang'ang'ania kitenzi. Anayesoma damaskini za karne ya 17, yale makusanyo ya mahubiri yaliyokaribia lugha ya watu, atakuta mipangilio yote miwili.

Ila vineno hivi haviwezi kufungua sentensi. "Vizhdam go" (namwona) ni sawa, "Az go vizhdam" (mimi namwona) ni sawa, "Go vizhdam" utasahihishwa papo hapo. Wamakedonia, majirani zao, husema "Go gledam" (namwona) bila shida, kwa hiyo anayejifunzia kwenye nyimbo aangalie zimetoka Sofia au Skopje.

Msumbufu kuliko wote ni kitenzi "kuwa". Nimempa: "Dal sam mu ya". Amempa: "Dal mu ya e". "Sam" hutangulia vineno, "e" huja nyuma yavyo. Karirini sentensi nzima, msiipige hesabu mkiwa katikati ya mazungumzo.