Daktari Anajibu: Ugwe Mgongo Ukiumia, Je, Neva Huota Tena?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Miezi 14 iliyopita alianguka kutoka juu ya paa akiwa kazini, akavunjika pingili ya mgongo usawa wa kifua, na tangu siku hiyo miguu yake haina nguvu. Binamu yetu naye aliwahi kukatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, neva ikashonwa, na baada ya miezi kadhaa vidole vikaanza kuhisi. Kwa nini neva za mkono ziote na za mgongo zisiote? Hivi karibuni nimeona kidole gumba cha mguu wa mdogo wangu kikicheza. Tena kuna kliniki inayotuahidi kumchoma sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na gharama yake itatulazimu kuuza nyumba. Tufanye nini?
Dada mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni nyote nyumbani. Nitaanza na habari ya binamu, kwa kuwa swali hilo limewashughulisha watafiti wa neva kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake litakusaidia kuamua kuhusu hayo mengine.

Uzi wa neva unaofika kidoleni ni mkia mrefu wa seli ambayo kiini chake kiko ndani ya ugwe mgongo, ule mkanda laini wa neva unaopita katikati ya pingili, au kando yake. Kioo kilipoukata mkia huo, kipande cha upande wa kidole kilikufa, lakini seli zinazokizunguka, ziitwazo seli za Schwann, zilisaidia kusafisha mabaki, zikajipanga kama mfereji na kutoa kemikali za kuuvuta uzi mpya. Uzi huo hukua takribani milimita 1 kwa siku, ndiyo maana binamu yenu alisubiri miezi.

Ndani ya ugwe mgongo wenyewe mambo ni tofauti. Mabaki ya mayelini, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi, huondolewa polepole mno, na ala hiyo ina protini zinazouzuia uzi kukua. Seli za glia, yaani seli zinazozihudumia seli za neva, hujenga kovu kuzunguka jeraha. Kovu hilo huzuia uharibifu usisambae, kwa hiyo halina ubaya mtupu, ila nalo lina molekuli zinazofunga njia. Palipopondwa sana hubaki tundu lenye majimaji, ambamo uzi haupati pa kushika. Juu ya hayo, seli za neva za mtu mzima zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kukua ziliyokuwa nayo zilipokuwa changa.

Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliona kwamba njia za neva katika ubongo na ugwe mgongo wa mtu mzima haziwezi kufufuka, ingawa aliiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuibadili hukumu hiyo. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal, waliunganisha shina la ubongo na ugwe mgongo wa panya kwa kipande cha neva ya mguu, na nyuzi zilizodhaniwa haziwezi kukua zikatambaa ndani yake takribani sentimita 3. Kwangu mimi hilo ni jaribio zuri kuliko yote katika fani hii, kwa sababu lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kikwazo iko katika mazingira ya uzi. Baadaye Martin Schwab na wenzake, Zürich, waliichunguza protini ya mayelini iitwayo Nogo-A, wakatengeneza kingamwili za kuifunga, na panya waliotibiwa wakapata nafuu. Kingamwili hiyo ilipojaribiwa kwa watu waliotoka kuumia shingoni, nguvu za mikono za kundi zima hazikuwazidi waliopewa dawa ya kulinganishia, ingawa kulikuwa na dalili za nafuu kwa wale ambao ugwe wao haukuwa umeharibika kabisa.

Kwa hiyo hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya ugwe mgongo wa binadamu. Nafuu tunayoiona, ambayo kwa sehemu kubwa huja katika mwaka wa kwanza lakini huweza kuendelea polepole baadaye, hutokana zaidi na nyuzi zilizonusurika kujifunza kazi mpya.

Hapo ndipo kidole gumba kinapopata maana. Keti karibu na mguu wake, usimguse, shuka lisiguse ngozi, kisha mwombe akisogeze kidole hicho na kutulia, mara kumi, ukibadilisha muda wa kusubiri. Kikisogea kila unapomwomba, huenda amri ya ubongo inapita jerahani. Kikicheza chenyewe tu, au mguu unapoguswa, yaelekea ni mshtuko wa neva zilizo chini ya jeraha. Kwa vyovyote vile arudi kwa daktari apimwe upya kwa pini na pamba, pamoja na ngozi ya njia ya haja kubwa na uwezo wa kuibana. Najua kipimo hicho kinatia haya, lakini neva za huko hutoka mwisho kabisa wa ugwe, na hisia ikiwepo pale ina maana kwamba jeraha si kamili, yaani kuna nyuzi zilizonusurika.

Kuhusu kliniki, nakusihi msiuze nyumba. Mwaka 2014 madaktari walieleza kisa cha mwanamke aliyepandikizwa seli za utando wa pua mgongoni. Miaka 8 baada ya upandikizaji huo alipatwa na maumivu, wakamkuta na uvimbe unaotoa ute kama kamasi. Utafiti halali wa seli shina husajiliwa, hukaguliwa na kamati ya maadili, na kwa kawaida haumtozi mgonjwa bei ya tiba inayojaribiwa. Fedha zenu zitamfaa zaidi katika mazoezi ya viungo, mto mzuri wa kiti cha magurudumu na huduma ya kibofu, kwa maana kidonda cha mgandamizo au figo iliyoharibika itamrudisha nyuma hata kabla ya tiba mpya kufika.

SWALI: Niliumia shingoni miaka 9 iliyopita. Vidole vinasogea kidogo, lakini sishiki kitu vizuri. Je, nimechelewa?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Hujachelewa. Katika utafiti uitwao Up-LIFT, uliochapishwa mwaka 2024, watu 60 waliopooza mikono walifanya mazoezi peke yake kwa miezi 2, kisha miezi 2 mingine wakafanya mazoezi huku elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi ya shingo zikipitisha umeme kwenye ugwe mgongo. Asilimia 72 walipata nafuu katika nguvu na pia katika matumizi ya mikono, wakiwemo walioumia miaka mingi kuliko wewe. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo nayapokea matokeo hayo kwa tahadhari, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa hicho Desemba 2024 kwa watu wenye jeraha lisilo kamili la shingo. Umeme huo hauoteshi neva. Huziamsha zilizobaki ili amri dhaifu ya ubongo isikike, na bila mazoezi faida yake ni ndogo. Ukienda kuuliza, mweleze mtaalamu kuhusu kifaa chochote cha umeme kilichopandikizwa mwilini mwako, na kabla ya siku ya kwanza mwombe apime nguvu ya mkono wako na muda unaotumia kufungua kizibo cha chupa, ili baada ya miezi 2 mwe na cha kulinganisha.